Wakili na Mdhamini: Historia ya Jina la Pili katika Daftari la Wasafiri

Neno wakili lina umri mrefu katika Kiswahili, na matumizi yake ya leo mahakamani ni tawi moja tu la mti mkubwa. Lilitoka katika Kiarabu, likaja pwani pamoja na fikihi na biashara, na kwa muda mrefu lilimtaja mtu yeyote aliyepewa idhini ya kutenda jambo kwa niaba ya mwingine: kuuza shamba, kupokea deni, kuozesha, kusimama mbele ya kadhi. Neno mdhamini nalo lina asili hiyo hiyo ya Kiarabu, lakini kazi yake ni nyingine. Wakili husema kwa niaba ya mtu. Mdhamini hujibu juu yake. Wakili huteuliwa na mwenye haja; mdhamini hutakiwa na mwenye mamlaka au mwenye kudai. Katika kamusi tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, ila katika daftari la mtu anayevuka mpaka ni kubwa sana.

Mahali pamoja pa kuipimia tofauti hiyo ni Marabo, penye barabara itokayo Bunia kwenda Komanda, katika teritwari ya Irumu, jimbo la Ituri. Karibu yake ipo Nyankunde, yenye hospitali ya misheni iliyojulikana kote mashariki mwa Kongo, ambako mamia ya watu waliuawa kuanzia tarehe 5 Septemba 2002, wagonjwa wakiwa miongoni mwao. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 viliwaondoa watu wengi makwao, na machafuko yalipozuka upya mwishoni mwa 2017 katika teritwari jirani ya Djugu, makumi ya maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mashua katika miezi ya mwanzo ya 2018, wakatua Sebagoro na kupelekwa makazi ya Kyangwali nchini Uganda. Mtu wa Marabo anayefuata njia hiyo hupita Bunia, hushuka Kasenyi au Tchomia, kisha huingia majini. Anapofika ng'ambo huandikwa. Jina lake huandikwa kwanza, na kando yake, mapema au baadaye, huandikwa jina la pili: la mkuu wa kaya, la ndugu, la mdhamini, au la mtu aliyeruhusiwa kumsemea. Historia ya jina hilo la pili ni ndefu kuliko historia ya kambi za wakimbizi.

Katika fikihi, iwe ya Kishafii waliyoifuata Waswahili wengi au ya Kiibadhi waliyoifuata watawala wa Zanzibar waliotoka Omani, wakala ni mkataba wenye masharti yake. Mwenye haja humteua wakili kwa hiari, humwekea mipaka ya kazi, na aweza kumwuzulu. Wakili hana ruhusa ya kumkabidhi mtu wa tatu kazi ile pasipo idhini ya aliyemteua. Mmoja wao akifa, wakala umekwisha. Karatasi haikuwa lazima, kwani mashahidi walitosha, ingawa katika mji wa biashara kama Unguja hati ilizidi kuwa na thamani kadiri mali zilivyozidi kuwa nyingi. Wanawake wenye mashamba, ambao hawakupenda kujitokeza barazani, waliendesha mali na kesi zao kwa njia hiyo. Mwanamke hakuwa chini ya wakili wake. Wakili alikuwa chini yake, angalau kwa mujibu wa sheria.

Zama za konsuli na manowari zilileta swali jingine. Tangu miaka ya 1830 na 1840, Wamarekani, Waingereza na Wafaransa walipoweka makonsuli wao Unguja, ilikuwa muhimu kujua kila mtu yu chini ya nani. Mtu aliyeandikwa katika daftari la konsuli alipata ulinzi na mahakama nyingine. Manahodha wa Sur, raia wa Sultani wa Maskati, waliitambua mapema faida ya jambo hilo. Wengi wao walichukua hati na bendera ya Ufaransa, wakasafiri kati ya Omani na pwani ya Afrika Mashariki bila kupekuliwa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulijaribu kuyaziba matundu hayo kwa kalamu. Majahazi ya wenyeji yalitakiwa kuwa na hati ya bendera, orodha ya mabaharia, na orodha ya abiria weusi, ambao walipaswa kuhojiwa na ofisa ili ithibitike kwamba wanapanda chomboni kwa hiari yao. Watoto hawakuruhusiwa kusafiri ila wakiwa na jamaa zao au na watu wanaojulikana kwa uaminifu. Hapo jina la pili liliingia rasmi katika daftari la msafiri. Sababu yake ilikuwa njema, kwani mtoto asiye na jamaa chomboni huenda alikuwa ameibwa. Hata hivyo yafaa kutambua kwamba mtu huyo mwaminifu hakuteuliwa na mtoto, wala na wazazi wake. Aliyemkubali ni ofisa wa bandari, kwa kuzisikia sifa zake mjini.

Mzozo wa bendera ya Ufaransa ulifikishwa mbele ya baraza la usuluhishi mjini The Hague, na uamuzi ulitolewa tarehe 8 Agosti 1905. Ufaransa ilikatazwa kutoa idhini mpya kwa raia wa Sultani tangu tarehe 2 Januari 1892, isipokuwa kwa wale waliokuwa wamekwisha kupata ulinzi wake kabla ya 1863. Lililo muhimu zaidi hapa ni kifungu kinachosema kwamba idhini ya kupeperusha bendera haihamishiki kwenda kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata liwe la tajiri yule yule. Wasuluhishi wale hawakuwa wakisoma vitabu vya fikihi, lakini kadhi yeyote wa Unguja angeitambua kanuni yao papo hapo: aliyepewa idhini hawezi kuirithisha wala kuiuza.

Serikali za kikoloni za bara hazikuifuata njia hiyo. Zilichukua daftari, zikamwacha wakili. Nchini Kenya, Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 alipaswa kuchukua kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake, ambayo wengi waliivaa shingoni katika kikasha cha chuma. Jina la pili katika kipande lilikuwa la mwajiri. Ni yeye aliyeandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa, na bila sahihi yake mtu alihesabiwa kuwa mtoro. Harry Thuku alikipinga kipande hadharani kabla ya kukamatwa Machi 1922, na mfumo wenyewe haukuondolewa hadi 1947. Jina lake limebaki: hata sasa Wakenya huita kitambulisho chao kipande.

Katika Kongo ya Wabelgiji jina la pili lilikuwa la shefu. Dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 ilimweka kila mwenyeji chini ya sheferi fulani, na dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 iliendeleza utaratibu ambao mtu hakuweza kuondoka kwao kwa zaidi ya siku 30 bila hati ya kuhama. Mtu wa Irumu aliyetaka kwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Kilo, au kwenda Stanleyville, mji ambao sasa ni Kisangani, alikuwa halali njiani kwa sababu alikuwa na shefu wa kuulizwa habari zake. Kwa hakika shefu alisema kwa niaba ya watu wake mbele ya Wabelgiji. Lakini alithibitishwa cheo na Wabelgiji hao hao, na mtu wake hakuwa na uwezo wa kumwuzulu. Kwa istilahi za fikihi, huyo si wakili. Ni mdhamini aliyevikwa kanzu ya wakili.

Hata lugha yenyewe iliathirika. Katika Kiswahili cha Ituri mwanasheria aghalabu huitwa kwa neno la Kifaransa, avoka. Wakili alifika huko zaidi kwa njia ya Biblia ya Kiswahili, ambamo msimamizi wa mali wa Injili ya Luka, sura ya 16, huitwa kwa jina hilo. Kwa hiyo msomaji wa Marabo na msomaji wa Mombasa wakilisikia neno hili moja, wa kwanza huenda akamwona mtunza mali wa tajiri, na wa pili akamwona mtu aliyevaa joho mahakamani. Si ajabu kwamba mkalimani wa ofisi ya wahamiaji hukwama hapo.

Uandikishaji wa wakimbizi umerithi pande zote mbili za historia hii. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kutumia programu yake ya kompyuta iitwayo proGres katika miaka ya mwanzo ya 2000, na mwongozo wake wa 2003 kuhusu kuamua hadhi ya ukimbizi ulitambua kwamba mwombaji aweza kuwa na mtu wa kumsaidia kisheria. Mtu huyo huhitaji idhini iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mwombaji, nayo hutunzwa katika jalada. Hilo ni wakala halisi. Lakini programu hiyo hiyo hupanga watu kwa kaya, na kila kaya ina mkuu wake. Nchini Uganda familia ya wakimbizi hupewa hati moja yenye majina yao wote. Mke aliyeandikwa chini ya jina la mumewe hupata taabu wakitengana, kwani lazima aombe jalada ligawanywe kabla ya kuwa na sauti yake mwenyewe.

Mwaka wa 2018, zilipotokea tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi nchini Uganda ilikuwa imeongezwa chumvi, serikali na shirika hilo waliwahakiki upya wote kwa alama za vidole na mboni za macho. Walipatikana takribani milioni 1.1, mahali pa milioni 1.4 waliokuwa katika vitabu. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba kila mtu ndiye. Ni nani aliyeruhusiwa kusema kwa ajili yake lilikuwa swali la siku nyingine.

Siku hiyo huja mara nyingi mkimbizi anapoombewa kuhamia nchi ya tatu. Kanada ni mfano mzuri, kwa sababu imeyaandika mambo haya waziwazi. Majalada ya uhamiaji ya nchi hiyo hushughulikiwa katika mfumo mmoja wa kompyuta, GCMS, ulioanza na maombi ya uraia mwaka wa 2004 na baadaye ukaenea hadi balozi zake. Mwombaji anayetaka kuwakilishwa hujaza fomu IMM 5476. Humo huandikwa jina la mwakilishi, anwani yake, iwapo analipwa au hapana, na kama analipwa, namba yake katika chama kinachomsimamia. Mwakilishi wa kulipwa hana budi kuwa mwanasheria, mthibitishaji wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa. Washauri hao waliwekwa chini ya usimamizi tangu 2004, na chuo chao cha sasa kilianza kazi Novemba 2021. Ndugu au rafiki asiyelipwa aweza pia kuwa mwakilishi. Mwombaji huwa na mwakilishi mmoja tu kwa wakati mmoja, na fomu hiyo hiyo ina sehemu ya kumwondoa.

Kinachoandikwa humo si mapambo ya ofisi. Barua za jalada hufuata anwani ya mwakilishi. Ofisa hutazama kioo cha kompyuta yake, akaona jina, akajibu. Asipoliona, sheria ya faragha humzuia hata kutaja kama jalada lipo. Anwani iliyopitwa na wakati, au jina la mtu aliyekwisha kuondolewa lakini halikufutwa, laweza kumfanya mtu wa Kyangwali asijue kwamba ameitwa kuhojiwa. Wapo vilevile washauri wa gizani, wanaopokea fedha, wanaojaza fomu zote, na ambao jina lao halionekani popote katika jalada. Mambo yakiharibika, hakuna pa kuwashika.

Na hapa maneno yale mawili ya mwanzo yanakutana tena. Wakongo wengi huingia Kanada kwa udhamini wa vikundi vya raia, makanisa au jamaa. Kwa Kiswahili kikundi hicho huitwa mdhamini, na mkimbizi, pengine pamoja na kikundi chenyewe, hudhani kwamba anayelipia makao na chakula chake cha mwaka wa kwanza ana haki ya kuuliza habari za jalada lake. Sheria haisemi hivyo. Mdhamini ameiahidi serikali kwamba atamtunza mgeni. Hajaruhusiwa na mgeni kumsemea. Akitaka kumsemea, naye hujaziwa IMM 5476, kwa sahihi ya mkimbizi mwenyewe. Dada wa mtu, aliyetangulia Montreal kwa miaka kumi, aweza kupiga simu kila wiki na kujibiwa kwa adabu kwamba hawezi kuambiwa lolote. Huona ni ukatili. Lakini mlango unaofungwa mbele yake ndio unaofungwa pia mbele ya mume aliyeachwa, mshauri wa gizani, au mtu wa kijijini anayetaka kujua jirani yake amefichwa wapi.

Tofauti nyingine na enzi ya majahazi ipo katika watoto. Mtoto aliyebebwa mgongoni kuvuka ziwa huandikwa chini ya wazazi wake, na mwakilishi wa wazazi humtosha naye. Majalada lakini huchukua miaka. Akifikisha umri wa miaka 18 kabla ya safari kuiva, hupaswa kujaza fomu yake mwenyewe na kutia sahihi kwa mkono wake, hata kama atamtaja mtu yule yule aliyetajwa na mama yake. Asipofanya hivyo, katika jalada moja mama ana wa kumsemea, na mwanawe, katika mstari wa pili yake, hana.