Masta ya uhandisi wa programu: njia ndefu ya mwanafunzi kutoka Ntoto

Kwa kijana wa Ntoto, pale teritware za Masisi na Walikale zinapopakana, masta ya uhandisi wa programu inaanza na safari. Masomo hayo yako mijini: Goma, Beni, Bukavu, ao ng'ambo ya mpaka, Kigali na Kampala. Mzazi anayelipa kwa maharagwe, mafuta ya mawese ao ng'ombe anahitaji kujua mambo kadhaa mbele ya kutoa makuta.

Somo lenyewe ni nini?

Kuandika kodi ni sehemu moja tu. Jina la uhandisi wa programu lilienea kutokana na mkutano uliofanyika Garmisch, Ujerumani, mwezi wa 10 mwaka 1968. Wakati ule programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikipita bei na kujaa makosa. Swali likawa: kwa nini programu isijengwe kama daraja, kwa mpango na kwa kupimwa?

Swali hilo lingali na uzito. Tarehe 4/6/1996 roketi ya Ulaya Ariane 5 iliharibika angani sekunde kama 40 tu kisha kuruka. Sehemu ya programu ilitolewa kwa roketi ya zamani, Ariane 4, na haikupimwa vizuri kwa mwendo wa roketi mpya.

Kwa hiyo masta inafundisha kusikiliza mahitaji ya watu, kupanga muundo, kupima, kulinda siri za watumiaji, kutengeneza programu ya zamani bila kuivunja, na kuongoza kikundi. Programu ya kuhesabu dawa kwenye kituo cha afya ikikosea, mgonjwa ndiye anaumia.

Ngazi za masomo

Kongo ilieneza mfumo wa LMD kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Kisha diploma ya Serikali, mwanafunzi anafanya lisansi miaka 3 (kredi 180), halafu masta miaka 2 (kredi 120).

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Katika mfumo wa zamani kulikuwa gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla miaka 5. Leo neno ni lile lile, lakini lisansi mpya ni ya miaka 3. Mwenye lisansi ya zamani anayeomba nafasi inchi nyingine aonyeshe releve ya pointi za miaka yote 5, ili asihesabiwe kama mtu wa miaka 3.

Wapi pa kuuliza

Goma kuna ULPGL, iliyoanza mwaka 1985, UNIGOM, na ISIG ambayo jina lake lenyewe ni la informatiki na usimamizi. Beni kuna UCBC, iliyoanzishwa mwaka 2007, inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Kwenye fomu somo linaandikwa génie logiciel. Fakilte kuwa na informatiki si kusema masta ya somo hili imefunguliwa mwaka huo. Ni lazima kuuliza aparitora.

Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon, chuo cha Marekani, lenye masta ya teknolojia ya habari. Mwaka 2022 Mastercard Foundation ilitangaza dola milioni 275.7 kwa kazi za chuo hicho Afrika, pamoja na kusaidia wanafunzi. Kule, kama Makerere ya Kampala, masomo ni kwa Kiingereza.

Makuta na makaratasi

Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, mabenki yalifunga na uwanja wa ndege ukafungwa. Hali kama hiyo inageuza namna ya kulipa minervali. Kila bordero ihifadhiwe, na ipigwe picha. Vilevile diploma na releve: kopi moja ibaki kwa ndugu wa mji mwingine. Mtu akikimbia vita bila karatasi, miaka yake ya shule inakuwa vigumu kuihakikisha.

Mbele ya kuuza shamba, maswali matatu yaulizwe: Je, masta hiyo inatambuliwa na wizara ya elimu ya juu? Nani ataongoza memwari? Bei yote ni ngapi, pamoja na siku ya kutetea memwari?

Kusoma bila rezo

Kukosa rezo hakuzuii kazi yote. Chombo kinachoitwa Git, alichotengeneza Linus Torvalds mwaka 2005, kinaweka historia yote ya kodi ndani ya mashine ya mwanafunzi. Anaweza kufanya kazi wiki nzima kijijini kwa umeme wa jua, kisha akatuma yote siku anapofika penye rezo. Kitabu cha maelezo ya lugha ya Python nacho kinapakuliwa mara moja na kusomwa bila intaneti.

Kwa aliye sekondari sasa, mambo ya kushika ni hesabu, Kifaransa na Kiingereza. Akipata diploma na asipopoteza mwaka, masta iko mbali naye kwa miaka 5. Vita na kukosa minervali vinaweza kuirefusha. Ndiyo maana makaratasi yatunzwe tangu mwaka wa kwanza.