Mji Mzima Katika Picha Moja

Leo tutazungumza juu ya mtu aliyetaka kuupiga picha mji wote, kama mtu asimamaye kilimani akajizungusha mpaka akarudi pale alipoanza kutazama.

Mtu huyo ni Bwana Eadweard Muybridge, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1878 alisimamisha kamera yake kubwa juu ya nyumba ya tajiri Mark Hopkins, iliyokuwa ikijengwa kilimani katika mji wa San Francisco. Alipiga picha 13, akaziunganisha zikawa na urefu wa futi 17 hivi.

Je, shida ilikuwa nini? Ilikuwa nuru. Kamera ile haikutumia filamu. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa katika kamera kingali majimaji, kisha kikasafishwa upesi gizani kabla dawa haijakauka. Wala hapakuwa na kipimo cha nuru. Mpiga picha alifungua kifuniko cha lenzi, akahesabu moyoni, akakifunga. Akihesabu mno, picha huwa nyeupe, mapaa hayaonekani. Akihesabu kidogo, huwa nyeusi. Na kioo kimoja kikiharibika, mji una pengo.

Tena jua halimngoji mtu. Upande mmoja liko mgongoni, nyumba zang'aa. Upande wa pili liko usoni, kuta zina kivuli. Akibadili hesabu kwa kila kioo, picha zikiwekwa pamoja huwa kama nguo yenye viraka: hapa mbingu nyeupe, jirani yake mbingu ya kijivu. Asipobadili, upande mmoja waweza kupotea. Vivuli vyenyewe vyatuonyesha kuwa kazi ilichukua saa nyingi, na kwamba kioo kimoja kilipigwa baadaye kuliko jirani zake. Yaelekea cha kwanza kiliharibika. Mimi namsifu kwa kukirudia.

Wapiga picha wa leo hupima nuru pande zote kwanza, wakachagua tundu la lenzi na muda mmoja, hasa ule uufaao upande unaong'aa zaidi, wala hawaugusi mpaka picha ya mwisho.

Nyumba ile iliungua katika moto wa mwaka 1906, pamoja na sehemu kubwa ya mji. Mitaa ile ya zamani sasa yaonekana katika picha tu.

Kazi ya nyumbani: simameni nje saa kumi alasiri, mtazame pande zote nne, mkaandike upande upi una nuru kali.