Kabla ya Parklands, kulikuwa na Majengo

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, mjadala wa saratani nchini Kenya umekuwa wa pesa. Je, Sh550,000 kwa familia kwa mwaka, kiwango ilichoanza nacho, zingetosha dawa, mionzi na upasuaji? Wagonjwa walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini kuna swali ambalo halikuingia katika hesabu hizo: kijana wa miaka 16 wa Kayole au Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, aliyepatikana na saratani atazungumza na nani wa rika lake anayeujua ugonjwa huo kwa kuugua? Wapo wanaoona kwamba vikundi vya wagonjwa kufarijiana ni anasa ya nchi tajiri. Wanaosema hivyo wameisahau historia ya Eastlands.

Katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, waligundua kwamba karibu theluthi mbili ya makahaba maskini waliowapima jijini walikuwa tayari na virusi vya Ukimwi. Dawa haikuwepo. Muuguzi Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa, hakungoja ipatikane. Aliitisha baraza Pumwani, mtaa wa Eastlands ulioanzishwa na serikali ya kikoloni, na wanawake wa Majengo, sehemu ya mtaa huo, wakakaa kuujadili ugonjwa wenyewe kwa wenyewe, wakachagua viongozi kutoka miongoni mwao. Jambo ambalo daktari angelisema mara moja kliniki, jirani alilirudia kila siku mlangoni. Mwaka 1988 Ngugi na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kwamba matumizi ya kondomu yalikuwa yamepanda sana miongoni mwa wanawake hao. Ni wanawake waliodharauliwa na jiji zima, na hadi leo wanatajwa zaidi kama sampuli za damu kuliko kama waasisi. Kwangu mimi, hao ndio waliotufundisha kwamba mgonjwa anaweza kuwa mhudumu wa mgonjwa mwenzake. Mwaka 1993 kikafuata KENWA, chama cha wanawake wenye virusi kilichoanzishwa na Asunta Wagura, na miaka mingi baadaye vijana wanaoishi na virusi wakawa na vikundi vyao vya Operation Triple Zero.

Saratani ilipita njia nyingine. Kwa miongo mingi mionzi katika sekta ya umma ilipatikana Hospitali ya Kenyatta peke yake, kwa hiyo huduma yote iliifuata mashine, mbali na mitaa. Faraja Cancer Support ilipoanzishwa mwaka 2010 ilipiga kambi mtaa wa Parklands, ikafanya kazi ya kupongezwa, lakini kutoka Kayole hapo ni matatu mbili na nusu siku. Mwaka 2015 Wakenya walichangia zaidi ya Sh6 milioni kwa siku chache ili kijana Emmanuel Otieno, maarufu kama Jadudi, akatibiwe uvimbe wa ubongo India. Alifariki kabla ya mwaka huo kwisha. Ulikuwa moyo mkubwa, ila hiyo ilikuwa harambee ya wazima kwa mgonjwa, na harambee huisha. Wakati huo Uingereza ilikuwa tayari imefungua wodi ya kwanza ya vijana wenye saratani London mwaka 1990. Kwetu, aliyevuka umri wa wodi ya watoto hulazwa kando ya wazee wa umri wa babu yake.

Atakayepinga atasema dawa kwanza. Lakini dawa isiyomalizwa haiponyeshi. Nchini Zimbabwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia vijana wenye virusi vya Ukimwi waliotembelewa na wenzao wa rika waliofunzwa: kushindwa kwa matibabu au kifo kulikuwa chini kwa asilimia 42 kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Saratani si Ukimwi, najua, na kidonge cha kila siku si kemo. Hata hivyo, kinachomfanya kijana atoroke kliniki kinafanana: aibu, uchovu, na kuamini kwamba yuko peke yake. Wengine wanahofia kwamba vijana watazikana na kuvunjika moyo. Hofu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana kikundi kinahitaji mshauri aliyesomea kazi hiyo. Ila wodini tayari wanaona kitanda cha jirani kikitandikwa upya asubuhi, na hakuna anayewaeleza lolote.

Hoja nzito zaidi ni ya siri. Katika ploti ambapo nyumba kumi zinatumia bafu moja na kamba moja ya nguo, msichana aliyenyonyoka nywele hawezi kujificha, na kuna majirani ambao bado wanaamini saratani inaambukiza au imetumwa. Basi wasikutane mtaani. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyofunguliwa mwaka 2011, ipo karibu na Kayole, Umoja na Komarock. Chumba kimoja Jumamosi, muuguzi mmoja, na vijana wawili waliomaliza matibabu wakilipwa posho kwa kazi hiyo, vinatosha kuanza. Wagonjwa hawa ni wachache kuliko wale wa Ukimwi, kwa hiyo kikundi kimoja kingehudumia mitaa mingi, mradi nauli yao iwekwe kwenye bajeti ya kaunti.