UZI: Kodi ikatwe leo ama uzeeni?

1/ Kila mishahara ikiingia, mtandao unawaka: "Wametukata tena!" Wiki jana kaka yangu, aliyeajiriwa juzi tu, alinipigia: "Wewe si unasoma siasa? Kazini wananiuliza kama nataka kuongeza elfu tano kwa pensheni. Niweke huko ama nipeleke sacco?" Nikaona siwezi kumjibu bila historia. Twende polepole.

2/ 1965 NSSF inaanzishwa. Ilikuwa mfuko wa akiba: unachanga, mwajiri anachanga, ukistaafu unapewa hela zako kwa mkupuo. Kwa miaka mingi makato yalikuwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri 200. Hayakuuma. Lakini mzee gani angeishi na hizo?

3/ 1997 ikaja sheria ya kusimamia mifuko ya pensheni, hata ile ya waajiri. 2013 sheria mpya ya NSSF: 6% wewe, 6% mwajiri. Kesi zikaikwamisha hadi Februari 2023, Mahakama ya Rufaa iliporuhusu. Kutoka 200, kiwango cha juu kikawa 1,080. Februari 2024: 2,160. Februari 2025: 4,320. Kelele mnazikumbuka.

4/ Jambo ambalo mijadala huruka: mchango wa pensheni hutoka kabla PAYE haijapigwa. Wa sacco hutoka baada. Chukua mshahara wa 60,000. Shilingi za juu hapo zinatozwa 30%. Ukiongeza 5,000 kwa pensheni, kodi inashuka 1,500, kwa hivyo mfukoni unakosa 3,500 tu. Ukipeleka 5,000 sacco, unakosa 5,000 nzima.

5/ "Si KRA watakungoja uzeeni?" Zamani ndiyo. Kodi ilikuwa imeahirishwa tu: pensheni ikipita 25,000 kwa mwezi, ilitozwa, isipokuwa kwa waliofika miaka 65. Tangu 27 Desemba 2024 mambo yamebadilika. Mchango usiotozwa kodi umetoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Mafao nayo hayatozwi ukifika umri wa kustaafu, ukiacha kazi kwa ugonjwa, ama ukifikisha miaka 20 kwenye mfuko. Ukitoa mapema nje ya hapo, kodi iko.

6/ Marekani, tangu 2006, mwajiri anaweza kumpa mfanyakazi nafasi ya kuchagua: lipa kodi sasa uchukue bila kodi uzeeni, ama ahirisha. Kila upande ni kubahatisha kodi ya kesho. Kwetu leo pensheni imesamehewa kuingia na kutoka. Ni nafuu kubwa, lakini Bunge ndilo lililoitoa, na Bunge hugusa kodi kila mwaka. Kaka ana miaka 26. Ahadi hii anaihitaji isimame zaidi ya miaka 30.

7/ Nilimwambia: pensheni inakupa nafuu ya kodi, lakini huwezi kuigusa siku unayotaka. Sacco haikupi nafuu hiyo, lakini utakopea. Akagawanya: 3,000 pensheni, 2,000 sacco.

8/ Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani aseme atapunguza makato, muulize: yapi, ya kabla ya kodi ama ya baada? Na je, nikifika 60, nitakula nini?