Jasho la Bonde la Mkondoa

Siku hizi kwenye viwanja vya mazoezi kuna ubishi usiokwisha: kipi kinachoma kalori zaidi, kukimbia mwendo mmoja kwa saa nzima, au kujikamua kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko katikati? Ni ubishi wa watu walioshiba. Kwa sehemu kubwa ya historia ya bonde la Mkondoa swali lilikuwa kinyume chake: mtu afanye nini ili kazi ya kutwa isimmalize nguvu kabla jua halijazama?

Magomeni ni kata ya Kilosa, na mji wa Kilosa umekaa pale mto Mkondoa unapoiacha milima ya Usagara na kuingia tambarare. Karne ya 19, tawi mojawapo la njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji lilipanda bonde hili. Henry Morton Stanley alilifuata mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Waliobeba msafara wake, kama misafara yote, ni wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na ushei. Kambi iling'olewa kabla ya mapambazuko, na kabla ya joto la adhuhuri watu walikuwa wameshatua baada ya kilomita 15 au 20. Kirangozi alitangulia, na mwendo wake ndio uliokuwa mwendo wa wote.

Hebu tupige hesabu. Mwanamume wa kilo 60 aliyebeba kilo 30 kwa kilomita 20 hutumia, kwa makadirio, kama kalori 1,200 kwa safari hiyo peke yake. Mwili wake unataka nyingine kama 1,500 hata asiponyanyuka kitandani. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, takribani robo tatu ya kilo, yaani kalori 2,500 hivi. Na hapo hajakata kuni, hajachota maji, hajajenga boma la miiba. Mpagazi aliishi kwenye ukingo wa upungufu, akiuziba kwa nyama ya pori na kwa chochote alichoweza kununua vijijini. Ukimwambia mtu huyo kwamba watakuja wajukuu watakaotafuta namna ya kupoteza kalori kwa makusudi, asingekuelewa.

Hata hivyo alizijua namna zote mbili za mwendo. Ule wa kila siku ulikuwa wa kadiri, wenye nyimbo. Mwingine ulikuwa terekeza: mbele ya Usagara, kwenye nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, msafara ulipumzika mpaka alasiri, ukanywa na kujaza vibuyu, kisha ukakaza mwendo, ukalala bila maji na kuyafikia kesho yake. Hakuna aliyetaka terekeza mbili mfululizo. Wapagazi waliifahamu tofauti hiyo kwa magoti yao muda mrefu kabla ya maabara.

Akina mama waliifahamu gharama ya mzigo kwa shingo. Mwaka 1986 Profesa G.M.O. Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya wanawake wa Kiluo na Kikikuyu wabebao mizigo. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu za ziada hata kidogo, ilhali mzigo kama huo humgharimu askari mwenye shanta. Mwaka 1995 siri ilielezwa: hatua zao hubembea kwa ufanisi zaidi wakibeba mzigo, hivyo nguvu ya hatua moja huhamia hatua inayofuata badala ya kupotea. Mimi naiona hii kuwa moja ya habari kubwa kabisa za sayansi ya mwili zilizotoka Afrika Mashariki, na nasikitika haifundishwi darasani. Msichana anayepanda kutoka mtoni na ndoo kichwani ana ujuzi ambao wanaume wa maabara walihitaji mashine kuuona.

Reli iliupunguza upagazi. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na kufikia 1914 ilikuwa Kigoma. Lakini mwaka huohuo Vita Kuu ya Kwanza ikazuka, na watu wakarudishwa chini ya mizigo, safari hii kwa nguvu. Waingereza waliiteka Kilosa Agosti 1916. Idadi inayotajwa mara nyingi ya wapagazi waliokufa upande wao katika vita ile ni zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Kalori zilichomwa hapa kwa wingi wa kutisha, na hakuna aliyezirudisha.

Kisha yakaja mashamba: mkonge wa Kimamba, na baadaye miwa ya Kilombero, ambako kiwanda cha Ruembe kiko upande wa Kilosa wa mto Ruaha Mkuu. Kazi ya kupimiwa ina mwendo wake. Mkataji huanza gizani na panga, hushambulia mstari wake kwa fujo, husimama kunoa na kushusha pumzi, hushambulia tena, ili amalize jua halijawa kali. Mwaka 1973 C.T.M. Davies alichapisha utafiti kuhusu wakata miwa wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba mwenye uwezo mkubwa wa kutumia oksijeni ndiye alikata zaidi. Pumzi ilikuwa mshahara.

Baada ya Uhuru, Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963, na shule zikaleta mchakamchaka. Huu ni mwendo mmoja hasa, na kipimo chake kimo ndani ya wimbo: ukishindwa kuitikia, unakimbia kupita kiasi. Walimu wa mazoezi duniani hutumia kipimo hichohicho mpaka leo.

Upande wa pili, ule wa vipindi, ulikuwa umeanza kukua Ulaya. Miaka ya 1930 kocha Woldemar Gerschler na daktari Herbert Reindell huko Ujerumani walipanga mbio fupi zenye mapumziko yaliyopimwa kwa mapigo ya moyo, na mwaka 1939 mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, akakimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6, rekodi ya dunia. Mkimbiaji Emil Zátopek akaeneza njia hiyo kwa medali tatu za dhahabu za Olimpiki ya Helsinki 1952. Mtanzania Filbert Bayi alipoongoza mbio za mita 1500 mwanzo hadi mwisho kule Christchurch mwaka 1974, akavunja rekodi ya dunia kwa 3:32.16, dunia iliona mtu mwenye kasi na pumzi ndefu kwa pamoja.

Mwaka 1996 Izumi Tabata wa Japani alilinganisha makundi mawili kwa wiki sita. Moja liliendesha baiskeli saa nzima kwa mwendo wa wastani. Jingine lilijikamua sekunde 20 na kupumzika 10, mara saba au nane tu. La pili lilipata pumzi sawa au zaidi, na nguvu ya kasi ikapanda kwa asilimia 28. Tangu hapo matangazo yamesema dakika nne zinatosha kukata kitambi. Tabata hakusema hivyo. Alipima uwezo wa mwili, hakupima mafuta.

Kwa kalori, hesabu ni ya kawaida. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 10 kwa saa moja hutumia karibu 700. Vipindi vya nguvu vya dakika 20, pamoja na mapumziko, huenda vikatumia 200 au 250. Kwa kila dakika njia hizo zinakaribiana. Kwa jumla, saa moja inashinda. Ule moto unaodaiwa kuendelea baada ya tizi upo, lakini ni mdogo, asilimia 6 hadi 15 ya gharama ya zoezi lenyewe. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2017 zilikuta upungufu wa mafuta unalingana kwa njia zote mbili. Vipindi viliokoa muda tu.

Watanzania tuna ushahidi wetu. Mwaka 2010 Julia Mbalilaki na wenzake walikadiria kwamba Wamasai walitumia kalori 2,565 kwa siku juu ya mahitaji ya msingi, Wabantu wa vijijini 1,500, na wa mjini 891. Wamasai hawakufanya vipindi vya sekunde 20; walitembea. Lakini mwaka 2012 Herman Pontzer aliwapima Wahadza wa Ziwa Eyasi kwa maji maalumu ya kufuatilia matumizi ya nishati, akakuta jumla yao ya siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ya mkazi wa Marekani. Mwili unaotembea sana unabana matumizi kwingine. Nakubaliana na wanaosema basi unene unaanzia kwenye sahani zaidi, na kutembea kunalinda moyo na sukari kwa njia nyingine.

Ndiyo maana ninapoona bodaboda zikichukua hata safari ya kilomita moja kutoka Magomeni hadi sokoni, nasikitikia mwendo wa kadiri kuliko vipindi. Vipindi anaweza kuvifanya kijana mwenye afya na dakika 20. Mama wa miaka 60 mwenye presha hawezi kuanzia hapo. Anahitaji njia ya miguu yenye kivuli, isiyomlazimu kurukia mtaroni lori linapopita. Barabara ya Kilosa hadi Mikumi inapotengenezwa, njia hiyo iwekwe kwenye ramani tangu siku ya kwanza.