Hadithi za Mlima Wetu na Vitabu vya Watoto Wetu



Kamati ya Jubilei iliniomba niandike juu ya malezi ya watoto katika miaka mia moja ya usharika wetu. Habari za majengo ya shule, za walimu na za waliopata Kipaimara zimekwisha kuandikwa katika sura nyingine za kitabu hiki, nami sitazirudia. Nimechagua jambo ambalo halina jengo wala jiwe la msingi, yaani hadithi na historia ya mlima huu: jinsi zilivyoandikwa, zilivyoandikiwa nani, na sababu ya watoto wetu kuzikuta kwa nadra katika vitabu walivyopewa kusoma.

Wazee wetu hawakuwa na karatasi, lakini si kweli kwamba vijana wao hawakuwa na kitu cha kusoma. Katika mafundisho ya kuingia utu uzima ulitumiwa mregho, fimbo iliyochongwa alama. Kila alama ilikuwa na fundisho lake, mwalimu akalieleza na kijana akalishika moyoni. Watoto wadogo walifundishwa jioni, pembeni mwa moto, kwa hadithi za bibi. Elimu hiyo ilikuwa na ngazi zake na walimu wake, ingawa katika ujana wangu tuliizoea kuiita giza.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanzia Machame, kisha Mamba mwaka 1894 na Moshi ya zamani mwaka 1896. Baadhi yao walisikiliza kuliko tunavyodhani. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, aliketi na wazee miaka mingi. Mwaka 1914 alitoa mkusanyo mkubwa wa hadithi za Wachagga, na kati ya mwaka 1932 na 1938 akatoa majuzuu matatu ya mafundisho yaliyotolewa kwa vijana, pamoja na yale ya mregho. Hatuna budi kumshukuru, kwa maana mengi yangalipotea. Hata hivyo vitabu hivyo viliandikwa kwa Kijerumani na kuchapwa Ujerumani. Yaliyotoka vinywani mwa wazee wa mlimani yalivuka bahari, na wajukuu wa wazee hao wakabaki na katekisimu na kitabu cha nyimbo, vitabu vyema, lakini havikuwa na habari za babu zao.

Nitatoa mfano mmoja. Kijana aitwaye Murile alikwenda shambani na mama yake kuchimba magimbi. Akaona gimbi moja zuri, akasema linafanana na mdogo wake, akalificha katika shimo la mti. Gimbi likageuka kuwa mtoto mchanga, naye akawa anampelekea chakula chake kila siku, hata yeye mwenyewe akakonda. Mama alipogundua, alimwua yule mtoto. Murile akalia sana. Kisha akaketi juu ya kigoda cha baba yake, akakiamuru kipae, kikampandisha hata nchi ya Mwezi. Huko akawakuta watu wanaokula chakula kibichi kwa kuwa hawakuujua moto. Akawafundisha kuuwasha, wakamlipa ng'ombe wengi. Akarudi nyumbani akiwa amebebwa na fahali, kwa ahadi kwamba hatakula nyama ya fahali huyo kamwe. Wazazi wake walimchinja, na mama akatia mafuta yake katika unga. Murile akala pasipo kujua, naye akadidimia ardhini.

Hadithi hii ilikusanywa kwetu. Alice Werner aliiweka kwa Kiingereza katika kitabu chake cha masimulizi ya Wabantu kilichotoka mwaka 1933, hivyo msomaji wa London aliweza kumjua Murile. Mimi niliyezaliwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahali iliposimuliwa sikuikuta katika kitabu chochote cha shule. Tulisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa chenye Hazina, Alfu Lela Ulela na Hekaya za Abunuwasi. Sivilaumu vitabu hivyo, maana ndivyo vilivyonifundisha Kiswahili kizuri, na Abunuwasi ameniokoa katika vikao vingi vya baraza la wazee. Nasikitika tu kwamba kando yake rafu ilikuwa tupu.

Haikuwa kwamba hapakuwa na watu wetu wenye kalamu. Mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu, aliyelelewa katika misheni hii hii, alijaza madaftari kwa historia ya wamangi na koo za mlima kabla ya kufariki mwaka 1927. Madaftari yake yaliwasaidia wageni kuandika vitabu vyao, na mwaka 1964 Kathleen Stahl aliyatumia sana katika historia yake ya Wachagga. Petro Itosi Marealle alitoa Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947, kwa Kiswahili ambacho kijana wa darasa la saba angeweza kukifuata. Huko Ugogo Mathias Mnyampala alitoa historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954. Mbegu ilikuwapo, lakini haikupandwa katika shamba la watoto.

Matokeo yake huonekana hata leo. Muulize kijana wetu Mandara na Horombo ni nini, atakujibu kuwa ni vituo vya watalii wanaopanda mlima. Mandara ni jina jingine la Mangi Rindi wa Moshi, na Horombo ni Mangi wa Keni aliyejenga ngome za mawe mwanzoni mwa karne ya 19. Vituo hivyo zamani viliitwa Bismarck na Peters. Tulibadilisha mbao za majina, tukasahau kuwasimulia watoto. Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, wakiwamo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 ilitangazwa huko Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaoanisha baadhi ya mabaki yaliyochukuliwa na familia za hapa mlimani. Wazazi wengine waliniuliza Meli alikuwa nani, nao walibatizwa na kukulia hapa.

Sasa niseme na langu. Mwaka 1988, nikiwa mchungaji kijana katika mtaa mmoja, nilimkuta bibi mzee akiwasimulia watoto wa shule ya Jumapili habari za Murile, huku wakiitikia wimbo wa kigoda. Nilimkatiza mbele ya watoto. Nikamwambia kwamba nyumbani mwa Bwana tunasimulia habari za Biblia tu. Aliinamisha kichwa, akajifunga kanga yake, akatoka. Hakuna mwalimu wa chuoni aliyenituma kufanya hivyo. Niliyatoa kichwani mwangu, nikidhani nalinda kundi. Miaka ilipita kabla sijaisoma vizuri Zaburi ya 78 na sura ya nne ya Yoshua, ambamo watoto wanauliza maana ya mawe na wazee wanaamriwa kujibu.

Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umewasaidia waandishi na wachapishaji wetu kutoa vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya shule. Nilipoviona vitabu vyembamba vyenye picha za migomba na watu wanaofanana nasi, nilimkumbuka bibi yule. Nilimwendea mwaka 1999. Alikuwa haoni tena. Nilimwomba radhi, naye akaniuliza kama nimekula. Baada ya chakula nilimwomba anisimulie Murile, nikaandika katika daftari, kwa Kichagga upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili. Nilipomsomea, alisema maneno ni hayo lakini nimeuacha wimbo. Akauimba mara tatu hata nikaupata.

Daftari hilo limo katika kabati la ofisi ya usharika. Vijana wa Kipaimara wamelichorea picha, na Kamati imeshauriana kulitoa kama kitabu kidogo katika mwaka huu wa Jubilei. Wazee wawili wamependekeza sehemu ya mama kumwua mtoto iondolewe, kwa kuwa inatisha. Nawaheshimu, na mjadala bado haujafungwa. Kwa maoni yangu ibaki. Tukiiondoa, Murile atapanda kigoda pasipo sababu, na mtoto wa kwanza kusomewa atauliza kwa nini alilia.