MACHO MAWILI NA HUKUMU YA UPANDE MMOJA

 

Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba. Kitazame kwa jicho la kulia peke yake, kisha kwa la kushoto peke yake. Umeona? Kidole kimeruka, lakini kilima kile cha mbali kimetulia. Cha karibu huruka sana, cha mbali huruka kidogo. Macho yetu yameachana kama sentimita 6 tu, na kwa tofauti hiyo ndogo akili hujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Katika Suratul Balad Allah (s.w.) ametaja macho mawili miongoni mwa neema zake. Wangapi tumeshukuru kwamba ni mawili?

Waliotutangulia walilitafakari hili. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kuishi Cairo, aliandika Kitab al-Manazir, vitabu saba juu ya mwanga na kuona. Humo alitumia ubao kuchunguza ni wakati gani macho mawili huona kitu kimoja, na wakati gani hukiona viwili. Al-Biruni, wa zama hizo hizo, alipima kimo cha mlima huko Nandana, Pakistani ya leo, bila kuvuta kamba mpaka juu. Alikitazama kilele kutoka nukta mbili ambazo umbali kati yake aliujua, hesabu ikamaliza kazi.

Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwa vioo kwamba michoro miwili inayotofautiana kidogo, kila jicho likipewa wake, huonekana kitu kimoja chenye kina. Elimu hiyo ilifika kwetu. Baada ya mwaka 1946 Waingereza walichora ramani za Tanganyika kwa picha za ndege: kila sehemu ya ardhi ilipigwa mara mbili, ndege ikiwa mahali tofauti, na wapimaji wakaona milima imeinuka mezani. Leo mashine zenye kamera mbili hufanya vivyo hivyo. Kompyuta hutafuta nukta ile ile katika picha zote mbili, hupima imesogea kiasi gani, na hapo hupata umbali.

Lakini kuna sharti. Kamera moja ikigongwa ikapinda, mashine haitanyamaza. Itakupa jibu, tena kwa uhakika, na jibu hilo ni uongo.

Ndugu zangu wa Machochwe na Mara yote, hapa ndipo penye somo. Ng'ombe wakipotea usiku, asubuhi jina la mtu limeshatajwa, na vijana wameshashika silaha. Nani amesikiliza upande wa pili? Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimwelekeza asihukumu kwa maneno ya wa kwanza mpaka amsikie na wa pili. Na shahidi mwenye chuki ni kama kamera iliyopinda: anaongea kwa uhakika, naye anakupoteza.

Mpaka wa shamba ukikosewa, hupimwa tena. Damu ikimwagika hairudi. Kabla hujahukumu, kabla hujasambaza ujumbe wa simu, jiulize: nimetazama kwa macho mangapi?

Allah atujaalie uadilifu na atuepushe na damu ya asiye na hatia. Amin. Wabillahi tawfiq.